Mandara kwenda na kurudi siku moja: mwongozo kamili kwa wale wanaoishia njiani

Kila ikipita wikiendi ndefu maswali ya njia ya Marangu, Kilimanjaro, ni yaleyale. Tuliishia Kisambioni, nusu ya njia, tatizo lilikuwa nini? Tumefika Mandara ila tumeshuka na tochi za simu, ni kawaida? Kucha za vidole gumba zimekuwa nyeusi, nifanyeje? Ukianza kumdodosa mtu taratibu unakuta hakushindwa na mlima, kashindwa na saa. Alianza kutembea saa tano asubuhi, wengine saa sita mchana kabisa, kwa sababu asubuhi yote walikuwa getini wanahangaika na malipo na mwenzao mmoja alikuwa bado yuko Moshi anatafuta raba.

Kwa hiyo leo tunaenda hatua kwa hatua, mwanzo mpaka mwisho. Njia ninayoizungumzia ni ya Marangu, Mlima Kilimanjaro, kutoka getini mpaka kituo cha Mandara na kurudi, msitu mtupu karibu njia nzima. Kileleni hufiki, kulala mlimani hulali, na hamna sehemu ya kupanda kwa mikono. Kama wewe mipango yako ni Uluguru au Usambara bado soma, hesabu ni ileile, unabadilisha namba tu.

## Namba za kukaa nazo kichwani

Geti la Marangu liko mita 1,800 na kitu kutoka usawa wa bahari, Mandara iko kama mita 2,720. Maana yake unapanda karibu mita 850 kwenda juu. Umbali ni kama kilomita 8 kwenda na 8 kurudi. Mtu wa kawaida asiye mwanamichezo anapanda kwa masaa matatu na nusu mpaka manne pamoja na kupumzika, anashuka kwa masaa mawili mpaka mawili na nusu.

Ni njia ya wastani, sio rahisi. Kilomita 16 kwa siku kwa mtu ambaye mwendo wake mrefu ni kutoka kituo cha daladala mpaka ofisini ni kitu kikubwa, usidanganywe na picha za watu wanacheka.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza chochote

Mwilini:
- Viatu vyenye meno chini, vilivyokwisha zoea mguu wako (hili lina hatua yake huko chini)
- Soksi pea mbili, nene. Soksi za mpira wa miguu zinafanya kazi vizuri kuliko zile nyembamba za pamba
- Suruali ya traki au skintaiti nene. Jinzi iache nyumbani, ikilowa inakuwa nzito, haikauki na inachubua mapaja
- Fulana inayokauka haraka, na nyingine kavu ndani ya begi
- Sweta au jaketi la joto, na koti la mvua. Ni vitu viwili tofauti, jaketi zuri la baridi likinyonya maji halina kazi tena

Kwenye begi:
- Maji lita 2 na nusu mpaka 3, kwenye chupa ngumu za kujaza tena
- Chakula cha mchana na vya kutafuna njiani
- Tochi ya kichwani yenye betri mpya, hata kama mpango wako ni kurudi saa kumi
- Plasta, bandeji ya kufunga kifundo, ORS pakiti mbili, panadol, na dawa zako mwenyewe kama una pumu, sukari au presha
- Filimbi, pawabenki, tishu, na kitu cha kurudishia takataka zako chini
- Kitambulisho halisi, sio picha yake kwenye simu

Fimbo moja au mbili sio lazima kwa kupanda ila kwa kushuka utanishukuru. Moshi mjini kuna maduka yanayokodisha fimbo, makoti na hata viatu, kwa hiyo usinunue kila kitu kwa safari ya siku moja.

Mifuko ya plastiki ya kubebea usiende nayo, imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019 na ndani ya hifadhi ndio kabisa.

## Hatua ya 1: Chagua tarehe kwa kuangalia mvua, sio sikukuu

Watu wengi tarehe wanachaguliwa na kalenda ya ofisi, Pasaka au Mei Mosi, afu wanakutana na masika yenyewe. Kuanzia Machi mpaka Mei upande ule wa kusini wa mlima unamwagiwa maji, na msitu ndio unaopokea mvua nyingi kuliko eneo lolote la mlima. Vuli nayo inakuja Novemba na Desemba. Januari na Februari ni pazuri, Juni mpaka Oktoba ni pazuri pia ila Juni na Julai jiandae na baridi na ukungu.

Kwa nini mvua ni tatizo kubwa hivyo? Sio kulowa. Ni mizizi. Njia imejaa mizizi ya miti na udongo laini, ikinyesha usiku asubuhi mzizi unateleza kuliko vigae vya bafuni, na mwendo wenu unapungua karibu nusu, hapo ratiba yote imekufa.

Halafu hesabu ya baridi, maana kuna watu wanatoka Moshi na kaptula kwa sababu Moshi kuna jua. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi. Moshi mjini mpaka Mandara ni karibu mita 1,900, kwa hiyo Moshi ikiwa nyuzi 28 Mandara inaweza kuwa 16 au 17, na wewe una jasho mgongoni na ukungu unapita. Ndio maana ile fulana kavu nimeiweka kwenye orodha.

Hatua hii imekaa sawa kama una tarehe moja kuu na nyingine ya akiba, na wote kwenye grupu wanazijua zote mbili.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya saa ukianzia mwisho

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu ndipo watu wanapofelia.

Kuna kanuni ya zamani ya mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, ya mwaka 1892, na mpaka leo inatumika: lisaa limoja kwa kila kilomita 5, ongeza lisaa limoja kwa kila mita 600 unazopanda. Ijaribu kwa Mandara. Kilomita 8 ni kama lisaa limoja na dakika 36, mita 850 ni kama lisaa limoja na dakika 25, jumla masaa matatu. Ila hayo ni masaa ya kutembea tu bila kukaa, bila picha, bila mtu kufunga kamba za kiatu. Kikundi cha watu wa mara ya kwanza ongeza nusu saa mpaka lisaa zima.

Sasa geuza. Usianze na "tutatoka saa ngapi", anza na giza.

Jua kule linazama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro dakika kumi kutegemea mwezi, na sisi wa karibu na ikweta hatuna jioni ndefu, likizama limezama. Ndani ya msitu ni mapema zaidi, saa kumi na moja na nusu chini ya miti huoni tena vizuri pa kukanyaga. Kwa hiyo giza lako ni saa kumi na moja na nusu.

Toa masaa mawili na nusu ya kushuka, unapata saa tisa alasiri. Toa lisaa limoja na nusu la akiba, kwa ajili ya kifundo kilichoteguka, mvua, au mtu ambaye magoti yamegoma. Unapata saa saba na nusu mchana.

Hiyo ndio saa ya kugeuka. Iandike. Saa saba na nusu ikifika mnageuka hata kama mwenzenu anasema amesikia Mandara iko kona inayofuata, maana mlimani kila kitu kiko kona inayofuata.

Endelea kurudi nyuma. Kukaa Mandara kula na kupumzika dakika 45, kwa hiyo mfike saa saba kasorobo kwa kuchelewa kabisa. Toa masaa manne ya kupanda, mnaanza kutembea saa tatu kasorobo asubuhi, hapo ndio mwisho. Getini mambo ya kujiandikisha yape lisaa. Kutoka Moshi mpaka getini kwa gari ya kukodi ni lisaa limoja na robo ukiweka na kusimama. Kwa hiyo Moshi mnatoka saa kumi na mbili na nusu alfajiri na hiyo ndio saa ya mwisho, mimi ningesema saa kumi na mbili kamili maana wabongo tunajuana.

Anayetaka kufika Maundi, ile kreta ndogo iliyo juu kidogo ya Mandara, aongeze dakika 45 nyingine za kwenda, picha na kurudi. Maana yake Mandara afike saa sita kamili. Akifika saa sita na nusu Maundi ameikosa, asilazimishe.

Mkimaliza hii hatua mtakuwa na saa tano zimeandikwa: kutoka, kufika getini, kuanza kutembea, kufika, kugeuka. Kama kwenye grupu la WhatsApp kuna saa moja tu, ya kukutana, bado hamjapanga.

## Hatua ya 3: Malipo na kibali vimalizike kabla

Hifadhi ya Taifa Kilimanjaro iko chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa Tanzania, na getini hawapokei keshi. Unapewa namba ya malipo, ile wengi tunaita kontro namba, unalipa kwa simu, benki au kadi. Sasa fikiria watu kumi na wawili getini asubuhi, mtandao unasuasua, mmoja salio halitoshi, mwingine kafikia kikomo cha kutuma kwa siku. Saa nzima imeondoka.

Fanyeni hivi. Angalieni ada za mwaka huu moja kwa moja TANAPA au kwa kampuni yenye leseni, usichukue bei ya screenshot ya mwaka juzi. Raia wa Afrika Mashariki analipa ada ya chini kuliko mgeni, ila lazima athibitishe, ndio maana nimesema kitambulisho halisi. Mkenya au Mganda anayekuja aje na pasipoti au kitambulisho chake cha taifa.

Mwongozaji aliyesajiliwa ni lazima Kilimanjaro hata kwa siku moja, usije na ramani ya simu ukadhani utapita. Wengi wanapitia kampuni ndogo za Moshi au Marangu. Uliza swali moja la msingi: bei hii ina ada ya hifadhi, mwongozaji na usafiri, au ni ada tu? Ugomvi mwingi wa getini unazaliwa hapo.

Na mchukua hela awe mmoja, mwenye tarehe ya mwisho. "Niwekee nafasi ntalipa kesho" sio malipo. Asiyelipa siku tatu kabla ondoa jina lake, atanuna lakini mtaanza kwa wakati.

Ukiwa na risiti ya watu wote, jina na namba ya mwongozaji, na namba ya dereva, umemaliza.

## Hatua ya 4: Viatu

Duka la kwanza la wengi ni mtumba, na kwa Moshi watakuelekeza soko la Memorial, buti nzuri za mlima zinapatikana pale kwa bei ya raba ya dukani. Ila mtumba una mtego wake mmoja ambao watu hawaujui.

Buti nyingi zina soli ya kati ya povu, kati ya raba ya chini na kiatu chenyewe. Lile povu linaoza lenyewe kwa unyevu wa hewa hata kama kiatu hakijavaliwa, kwa hiyo unaweza kukuta buti inang'aa juu, meno yote yapo, afu kilomita ya tatu soli inabanduka yote na kubaki njiani kama ulimi wa mbwa. Kwa hiyo kabla hujatoa hela shika kiatu, bonyeza pale kwenye povu kwa ukucha wa kidole gumba. Likirudi taratibu ni zima. Ukucha ukiacha alama, au unga ukidondoka, rudisha. Halafu kikunje kwa nguvu pale vidole vinapokunjia na uangalie pembeni, mipasuko midogo midogo kama ya udongo mkavu maana yake kinasubiri siku yake tu. Muuzaji atakwambia gundi ipo, fundi yupo pale nje. Kataa.

Saizi: jaribu mchana au jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uvae ile soksi nene. Bila kufunga kamba sukuma mguu mpaka vidole viguse mbele, nyuma ya kisigino kiingie kidole kimoja. Kikiwa hakiingii ndio utarudi na kucha nyeusi, maana wakati wa kushuka kila hatua vidole vinagonga ukuta wa kiatu, mita 850 zote.

Kipya au mtumba, kitembelee angalau wiki mbili kwenye mizunguko yako. Kata kucha siku mbili kabla, sio usiku wa kuamkia ukajikata nyama.

Raba za kawaida zinafaa? Kiangazi, njia ikiwa kavu na raba ina meno, ndio, watu wanafika nazo. Soli bapa za kutembelea mjini hapana. Sendozi usiniulize.

## Hatua ya 5: Wiki tatu za kuandaa miguu

Hauhitaji jimu. Unahitaji kutembea muda mrefu, na ngazi.

Wiki ya kwanza tembea kilomita 5 mara tatu. Ya pili, mara mbili kilomita 5 na mara moja 8, ukiwa na begi lenye chupa zako za maji kama siku yenyewe. Ya tatu, mwanzoni mwa wiki piga kilomita 10 au 12 kwa mkupuo, halafu punguza, siku mbili za mwisho pumzika kabisa.

Ngazi panda na kushuka ghorofa dakika 20 mara mbili kwa wiki. Kushuka ndio muhimu, watu wanapuuza. Kupanda kunachosha mapafu, kushuka ndio kunaumiza misuli ya mbele ya paja, na kama haijawahi kufanya kazi hiyo Jumatatu utashuka ngazi za nyumbani kinyumenyume. Wa Dar wana Pugu Kazimzumbwi, msitu wenye vilima karibu na jiji, wa Nairobi wana Ngong, sio milima mirefu lakini mguu utajifunza kukanyaga ardhi isiyo sawa.

Kipimo ni rahisi: ukimaliza kilomita 10 na begi, na kesho yake ukaenda kazini kama kawaida, uko tayari. Ukiwa unachechemea, sogeza tarehe.

## Hatua ya 6: Usiku wa kuamkia, lala kitandani

Kuna mpango maarufu wa watu wa Dar: panda basi la usiku, fika Moshi alfajiri, unganisha mlimani. Umekaa kwenye kiti masaa tisa au kumi, hujalala, hujanywa maji kwa kuogopa choo, afu unapanda mita 850. Hawa ndio wanaokaa Kisambioni na kusema "nyie nendeni tutaonana mkirudi".

Fika siku moja kabla, lala Moshi au Marangu. Ukilala Marangu unapata usingizi wa saa nzima zaidi. Asiye na gari binafsi anapanda daladala kutoka Moshi mpaka Marangu Mtoni, kutoka pale kupanda mpaka getini anachukua boda au teksi.

Jioni kula wali au ndizi, chakula unachokijua, sio siku ya kujaribu kitu kipya. Pombe acha. Kunywa maji toka mchana, sio lita mbili kwa mpigo saa nne usiku.

Chakula cha begi: mayai ya kuchemsha, chapati, ndizi mbivu, karanga, kashata. Kashata na karanga weka mfuko wa pembeni mahali mkono unafika bila kuvua begi, kwa sababu cha ndani ya begi hakiliwi mpaka njaa ishakushika. Nguo kavu zifunge ndani ya kitu kisichopitisha maji, halafu pima begi: kilo 5 mpaka 6 na maji yake inatosha. Ikizidi 8 umebeba hofu, toa vitu.

## Hatua ya 7: Getini

Jiandikisheni wote, hata yule anayesema yeye anawasindikiza kidogo tu. Kile kitabu ndio kinachojua nani hajarudi.

Wakati mmoja anashughulika na karatasi wengine waende choo, wapake mafuta ya jua, wakaze viatu. Halafu kabla ya kuondoka mkae dakika tatu na mwongozaji mumwambie mambo matatu: nani ana ugonjwa gani, saa yenu ya kugeuka ni ngapi, na mnataka Maundi au hapana. Mwongozaji mwenye uzoefu akijua saa ya kugeuka atawasaidia kuilinda. Asipoambiwa atawafuata nyie, wageni wake.

Kuanza kutembea na koti la baridi ni kosa la wengi. Anza ukiwa unasikia kibaridi kidogo, dakika kumi mbele utapata joto. Ukianza na jaketi utaloana jasho na hilo jasho ndio litakugandisha Mandara.

## Hatua ya 8: Kupanda

Pole pole ya Kilimanjaro sio ya kwenye fulana tu, ni mbinu. Kipimo cha mwendo ni mdomo: unatakiwa uweze kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukianza kuongea neno moja moja umezidisha, punguza, usisimame. Wale wanaokimbia dakika kumi na kukaa dakika tano mtawapita kabla ya nusu ya njia.

Mpangilio: mwenye mwendo mdogo kuliko wote anakaa mbele nyuma ya mwongozaji, na mtu mmoja mwenye nguvu anakuwa wa mwisho, hakuna anayebaki nyuma yake kwa sababu yoyote. Anayetaka kuchepuka haja ndogo anamwambia yule wa mwisho. Kikundi kikikatika vipande viwili msituni ndipo watu wanapotezana, sio porini, njiani pale pale penye njia panda.

Pumzikeni dakika tano kila baada ya dakika 45 au 50, mkiwa mmesimama au mmeegemea, na kila mtu anywe na kutafuna kitu hata kama hana hamu. Kisambioni ni kama nusu ya njia, hapo kaeni dakika kumi na tano. Halafu angalieni saa. Mkifika Kisambioni ndani ya masaa mawili toka mlipoanza mko vizuri. Ikiwa imepita masaa mawili na nusu, Maundi futa sasa hivi mkiwa bado mna akili, msisubiri kujadili kule juu.

Macho nayo yapeni kazi. Mbega weusi kwa weupe wanaruka juu ya miti na mikia yao mirefu, kima wapo, na pembeni ya njia kwenye unyevu kuna ua dogo jekundu na njano, lina kamkia kamejikunja nyuma, kitaalamu linaitwa Impatiens kilimanjari na huko ndio kwao, halioti porini kwingine. Wengi wanalikanyaga. Ukisimama kupiga picha angalia kwanza chini, siafu wanakata njia kwa mstari na wewe hutajua mpaka wako magotini. Suruali ndani ya soksi, pendeza baadaye.

## Hatua ya 9: Mandara

Utajua umekaribia miti ikianza kupungua na kuvaa zile ndevu za kijivu zinazoning'inia, halafu utaona mapaa ya mbao yenye pembe tatu.

Cha kwanza, kabla ya selfi, badilisha fulana. Vua iliyolowa, vaa kavu, jaketi juu. Dakika mbili tu lakini ndio tofauti ya kula ukifurahi na kula ukitetemeka. Kisha kula chakula chako chote cha mchana, chungulia vidole, panapowaka moto weka plasta sasa hivi kabla halijawa lengelenge.

Chakula usikiache wazi, kima wa pale wanajua kufungua begi kuliko wewe. Na usiwape, hata ganda la ndizi.

Kama muda upo nendeni Maundi, robo saa mpaka dakika ishirini za kupanda. Asubuhi yenye anga safi mnaona Kibo na Mawenzi, na tambarare za upande wa Kenya. Ukweli ni kwamba kuanzia saa sita mawingu huwa yanajaa, kwa hiyo aliyechelewa mara nyingi anapiga picha na ukungu.

Saa saba na nusu, begi mgongoni.

## Hatua ya 10: Kushuka

Kabla hujaanza kushuka funga viatu upya. Kamba za mbele legeza kidogo, za kwenye kifundo kaza sana mpaka kisigino kisicheze. Piga ncha ya kiatu kwenye jiwe mara mbili, vidole visifike mbele. Vikifika, kaza tena.

Hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo, mguu mzima ukanyage. Usikanyage mzizi kwa juu ukiwa umelowa, uvuke. Usikimbie hata kama vijana wa kazi, wagumu, wanakupita mbio na mizigo kichwani, wao hiyo ni njia yao ya kila siku, wewe wapishe upande wa juu wa njia.

Ajali nyingi ni saa ya mwisho ya kushuka, mtu amechoka, simu mkononi, anawaza soda. Pumzikeni mara moja katikati hata kama hamjisikii kuchoka.

Mkitoka saa saba na nusu mnafika getini saa kumi. Hesabuni watu, jiandikisheni kutoka, na mwongozaji mpeni shukrani yake pale pale, sio "tutakutumia kwenye simu".

## Mambo yakiharibika

Kichwa kuuma kidogo Mandara kunaweza kutokea, kuanzia mita 2,500 baadhi ya watu huanza kusikia mwinuko. Maji, chakula, kupumzika. Ila kichwa kikizidi na akaanza kutapika, au anayumba kama mlevi, mnashuka naye saa hiyo hiyo, hamna kusubiri apate nafuu juu. Dawa ni kushuka.

Musuli kukaza: mkalishe, nyoosha mguu taratibu, ORS anywe kidogo kidogo, maji matupu peke yake hayatoshi aliyetoka jasho masaa matatu.

Kifundo kuteguka: usimvue kiatu, kikivimba hakirudi. Funga bandeji juu yake, mpe fimbo mbili, mwongozaji apige simu au atume mtu. Mtandao wa simu msituni unakuja na kuondoka, kwa hiyo usingoje betri ifike asilimia 5.

Mtu haonekani: simameni wote, pigeni filimbi, sikilizeni. Aliyepotea naye abaki alipo, asikate kona kutafuta njia ya mkato kuelekea chini, yale mabonde yana makorongo.

Na mvua ikiwa inapiga tangu alfajiri, si lazima. Kwa kuwa mmeshafika Marangu nendeni maporomoko ya Kinukamori, yako karibu na Marangu Mtoni, mle mtori, mpange ile tarehe ya akiba. Ada ikiwa imeshalipwa mwongozaji aulize ofisini getini kama siku inaweza kusogezwa, na aulize asubuhi hiyo hiyo kabla hamjaandikisha majina kuingia.